Makaa ya Wageni

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimelinunua ili nisimtukane mtu. Kazi yangu hairuhusu matusi. Mimi ni mpimaji: napima mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe, nikitafuta majibu ya mambo mawili. La kwanza, katika joto lote linalotoka kwenye makaa, ni kiasi gani kinageuka umeme na kiasi gani kinapotea bure; huo ndio ufanisi. La pili, umeme huo unatutolea moshi na vumbi kiasi gani. Ofisini majibu hayo tunayageuza alama, na mitambo inapangwa kama wanafunzi darasani, wa kwanza hadi wa mkia.

Safari hii nimepangiwa mtambo ulio nyuma ya nyumba tuliyokulia. Niliwaeleza wakubwa mapema kwamba kaka yangu ni mkuu wa zamu palepale, na kwamba nitafikia kwake, katika nyumba hiyohiyo. Wakasema si neno, kaka yako si meneja. Wenye mtambo wanaomba kibali cha kujenga boila ya pili, na ikijengwa itakuwa huku upande wa ukuta wetu. Bila alama nzuri msimu huu wa kiangazi hawapewi.

Nimemkuta Mama chumbani mchana kweupe, amefunga dirisha na kuliziba kwa shuka lililoloweshwa maji. Kifua chake kinapiga filimbi. Nimemwamkia, akaitikia kwa vipande vipande: "Marahaba... mwanangu. Hilo dirisha... usiliguse." Nimepitisha kidole kwenye fremu, kimetoka cheusi. Kiangazi upepo wote unavuma kutoka kule kuja kwetu, na hakuna mvua ya kuliosha vumbi. Huyu mama alikuwa anamwita mtu aliye mtaa wa tatu na mtu anaitika.

Nimeapa kwamba mtambo ule nitaupima mpaka uombe poo.


Alhamisi, 5 Juni

Nimekutana na meneja. Wafanyakazi wanamwita Bwana Asilimia, na baada ya dakika tano nilijua sababu.

"Injinia, karibu sana. Sisi hapa ufanisi wetu ni asilimia thelathini na sita. Vumbi tumelipunguza kwa asilimia themanini. Na wafanyakazi wetu wameridhika kwa asilimia tisini na tisa."

"Huyo asilimia moja aliyebaki ni nani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Mwenzangu wa kazi, fundi wa vifaa ambaye ofisini tunamwita Taratibu kwa vile hajawahi kukimbilia kitu maishani, alikohoa kuficha kicheko. Tukakubaliana tarehe ya kupima. Kanuni inatutaka tuwape notisi ya siku tatu kabla ya kupanda bomba la moshi, eti kwa ajili ya usalama. Na siku yenyewe, hatupandi mpaka mkuu wa zamu atie saini kibali cha kupanda. Yaani kaka yangu.


Jumanne, 10 Juni

Tumepima. Taratibu na mimi tumepanda hadi jukwaa la kati la bomba, tukaingiza mrija kwenye tundu lake, tukavuta moshi saa baada ya saa. Chini nimepima makaa yanayoingia na umeme unaotoka.

Matokeo: mazuri mno. Vumbi liko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, ufanisi ni thelathini na sita kamili, kama alivyosema yule bwana. Nimerudi nyumbani nimenywea. Mama alikuwa sebuleni, amekula na kushiba. Nikaanza kujiuliza kama huo ugonjwa wake si uzee tu, na mimi nimejaa hasira za bure.


Jumatano, 11 Juni

Majivu kwenye birika, majivu kwenye viatu vyangu. Mama karudi chumbani.


Jumamosi, 14 Juni

Wifi yangu ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni tatu, na uani kwake kamba zimepishana mpaka ukitaka kwenda chooni sharti uiname. Leo kafua ya rangi tu, bluu iliyokoza na kahawia. Nimemuuliza meupe yako wapi. Akasema, "Yanasubiri siku yake, wifi." Sikumtilia maanani, nilikuwa na simu mkononi.


Jumanne, 17 Juni

Kuna kitu hakikai sawa. Nimeomba hesabu za mwezi mzima: makaa yote waliyochoma, umeme wote waliouza. Nikagawanya. Sikupata thelathini na sita, nimepata ishirini na tisa. Nimerudia mara mbili, kisha nikampa Taratibu naye arudie kwa mwendo wake. Ishirini na tisa.

Maana yake siku nikiwepo mtambo huu unakula kistaarabu kama mgeni mezani, na nikiondoka unakula kwa mikono miwili. Nimemuuliza Bwana Asilimia. Akasema mitambo ina siku nzuri na siku mbaya, hata binadamu yuko hivyo. Nikamwambia binadamu hapangi siku zake nzuri kwa kufuata notisi. Akaniagizia chai.


Ijumaa, 20 Juni

Nimetoa notisi ya kupima mara ya pili, tarehe 26. Mama hajalala kitandani siku mbili. Analala ameketi kwenye kiti.


Alhamisi, 26 Juni



Asubuhi tumepanda. Hewa safi, moshi mwembamba unaotoka juu yetu huwezi hata kuuona vizuri. Vipimo vikaanza kuja, na vyote vinapendeza. Nikageuka kupumzisha macho, nikatazama chini upande wa nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa mweupe. Kwetu, kwa jirani, nyuma ya shule, kote hadi barabara ya lami: mashuka, mashati ya sare, vyandarua, makoti ya manesi, vyote vyeupe, vyote kambani siku moja. Tangu kipimo cha kwanza sikuwa nimeona hata soksi nyeupe nje, na siku ile macho yangu yalikuwa kwenye mrija tu.

"Taratibu," nikamwambia, "njoo uone."

Akaja, akatazama, akatazama tena. "Wamejua tunapima," akasema.

Tulipomaliza kupima nikateremka na mrija wangu, nikaenda nyumbani moja kwa moja nikiwa na kofia ya kazi kichwani. Wifi alikuwa anaimba. Mashuka yake meupe yalijaza ua wote.

"Wifi, nani kakwambia ufue meupe leo?"

"Si mume wangu! Kila mkitaka kupima ananiambia, na mimi nawaambia majirani. Kuna ubaya? Wifi, ungekuwa unapima kila wiki ningekupikia kuku kila wiki."

Hakujua anasema nini, masikini. Kaka alikuwa ametoka zamu, anavua viatu barazani. Nikamwendea.

"Mnanichezea shere," nikamwambia.

"Punguza sauti, mdogo wangu."

"Sipunguzi! Mnachoma nini siku nikija?"

Akasema yote kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyabeba. Pembeni mwa uwanja wa makaa kuna rundo limefunikwa turubai. Ni makaa yaliyooshwa, yanatoka mbali, hayana mawe wala vumbi jingi. Wafanyakazi wanayaita makaa ya wageni. Mpimaji akitoa notisi, turubai linafunuliwa. Mpimaji akiondoka, linafunikwa. Na kuna kichujio cha vumbi chini ya bomba, nusu yake ilikufa zamani. Nusu iliyo hai wanaizima siku za kawaida kwa sababu inakula umeme, na umeme unaoliwa ndani unashusha ile alama ya ufanisi.

Hapo ndipo nilipochemka hasa. Alama yetu wenyewe! Sisi tunawasifu kwa kuuza umeme mwingi kwa makaa machache, nao wanazima kichujio ili tuzidi kuwasifu. Ofisini tunajumlisha alama ya ufanisi na alama ya moshi, moja inaibeba nyingine, kama mtoto anayefaulu hesabu akasamehewa kuchoma darasa.

"Mama anakufa mle ndani," nikamwambia, "na wewe ndiye unayebonyeza swichi."

"Mimi ndiye ninayemlisha Mama," akanijibu. "Wewe unakuja na mrija, unaondoka na mrija. Nikikataa kubonyeza, kesho atakaa mwingine kwenye kiti changu na swichi itabonyezwa vilevile."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hata humu. Akaingia ndani.


Ijumaa, 27 Juni

Simsemeshi. Nimekunywa chai jikoni kwa Wifi nimesimama.


Jumatatu, 30 Juni

Nimempigia mkuu wa kitengo changu, nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema: "Notisi ni kanuni. Wewe pima unachokikuta."

"Ninachokikuta kimepangwa, mzee."

"Una ushahidi gani? Nguo zilizoanikwa?"

Nikakata simu kabla mdomo haujaniponza.


Jumatano, 2 Julai

Mama kaniita. Nilidhani ananiunga mkono. La hasha! Kanishukia mimi.

"Umemwambia nini... kaka yako? Hali chakula."

"Mama, moshi anaouachia ndio unaokubana kifua."

"Najua." Akapumzika, akavuta pumzi kama anayevuta gunia. "Unadhani sijui? Mtoto wangu anafanya kazi. Wewe ulisomeshwa na nini? Na moshi huohuo. Baba yenu... aliusukuma kwa koleo."

Nilitoka nje, nikapiga teke ndoo ya Wifi ikamwagika, kisha nikaichota tena maji mwenyewe kwa aibu.


Alhamisi, 3 Julai

Leo nimepita uwanja wa makaa kama mtu anayetembeatembea tu. Nimeliona turubai. Rundo lile si kubwa. Dereva wa tingatinga, tukiwa tunaongelea mambo mengine, kasema malori ya kuyaleta makaa yale huja mara moja kwa msimu, na yaliyobaki yatakwisha kwa wiki moja tu wakichoma mfululizo. Kaniambia pia kwamba makaa yakishaingia kwenye tangi la juu ya boila hayatolewi tena. Lazima yaungue yote, na hiyo ni karibu siku nzima.

Yaani hawawezi kubadilisha wakiniona getini. Wanapaswa kuwa tayari tangu jana yake.

Nikaenda ofisini kwao kwa mwendo wa heshima, nikaacha notisi. Nitapima kuanzia Jumatatu tarehe 7.


Jumatatu, 7 Julai

Nimefika na Taratibu asubuhi. Turubai limefunuliwa, moshi ni mwembamba. Bwana Asilimia amevaa tai.

Nikamwambia mrija unasoma vibaya, tunaurekebisha, tutapanda kesho. Akasema hakuna tabu.


Jumanne, 8 Julai

Upepo mkali, si salama. Kesho.


Jumatano, 9 Julai

Taratibu tumbo linamsumbua. Kesho. (Taratibu hajambo kabisa, kala maandazi sita mbele yangu. Nilipomweleza mpango wangu alisema, "Dada, hii ndiyo kazi niliyozaliwa kuifanya.")


Alhamisi, 10 Julai

Mama katoka nje.

Nimerudi mchana, nimemkuta uani kwenye kigoda, miguu juani, anamkosoa Wifi jinsi anavyokamua mashuka. Kwa sentensi nzima nzima! "Hayo si mashuka ya hospitali, kamua kwa nguvu, una mikono ya nini?" Wifi anacheka mpaka machozi. Mashuka meupe siku ya nne mfululizo. Majirani wanafua mapazia. Dirisha la chumba cha Mama liko wazi, na shuka lile la kuzibia limefuliwa, liko kambani pamoja na mengine.

Nilisimama pale nikaona raha, halafu hasira zikanipanda upya, kubwa kuliko zote. Kumbe inawezekana. Makaa mazuri na nusu ya kichujio kibovu, basi, na mama yangu anapumua. Muda wote huu iliwezekana.


Ijumaa, 11 Julai

Bwana Asilimia ameanza kutoka jasho.

"Injinia, mtapanda lini?"

"Keshokutwa labda. Kwani kuna tatizo, Bwana Meneja? Mtambo si ndio huuhuu kila siku?"

Akatazama saa ya mkononi.

"Ni kwa ajili ya ratiba," akasema.

"Ratiba gani? Mnachoma makaa, mnatoa umeme. Endeleeni kama siku zote. Mimi nipo nipo tu."

Sikumwonea huruma hata chembe. Kaka alikuwa dirishani kwenye chumba cha mitambo, anatutazama. Anajua ninachokifanya, si mjinga. Angetaka angeniambia niache, au angemwambia bosi wake. Hajafanya lolote. Nikajiambia ni woga tu, kama kawaida yake.


Jumapili, 13 Julai

Rundo limebaki kama kichuguu. Nyumbani Kaka kapita mbele yangu, kaniachia kiti chenye kivuli. Sikushukuru.

Mama kaniuliza, "Hivi kupima kwenyewe lini?"

"Keshokutwa, Mama."

Akauliza tena: "Ukishapima, watarudisha yale mengine?"

Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo: ili niupate ukweli, lazima ukweli uwake, na utawaka juu ya kifua chake.


Jumanne, 15 Julai

Asubuhi uwanja ulikuwa umefagiliwa. Turubai limekunjwa pembeni. Moshi wa kahawia, mzito, unaangukia mtaani kwetu bila haya.

Tukaenda chumba cha mitambo kuomba kibali cha kupanda. Bwana Asilimia alikuwepo, amesimama nyuma ya kiti cha Kaka.

"Leo upepo si mzuri," akasema. "Mkuu wa zamu, wewe unaonaje upepo?"

Kaka akatazama kipima upepo ukutani. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na kalamu, nami moyoni nikasema haya, kataa, kataa kama ulivyozoea.

"Upepo ni wa kawaida," Kaka akasema. Akatia saini.

Tumepima kutwa. Vumbi ni mara tisa ya lile la kipimo cha kwanza. Ufanisi, ishirini na nane na kitu. Taratibu alishuka na uso mweusi kama ametoka mgodini, mimi vilevile. Mtaani hakukuwa na kamba hata moja yenye nguo.


Jumatano, 16 Julai

Tumempeleka Mama hospitali. Amewekewa hewa ya mtungi. Kaka alimbeba mgongoni hadi kwenye gari, na mimi nilibeba viatu vyake. Nesi akauliza, "Amekaa kwenye moshi?" Sote wawili tukatazama sakafu.

Nina hasira na mtambo, na meneja, na mkuu wangu wa kitengo, na kanuni, na mimi mwenyewe niliyengoja siku hii kama sikukuu.


Ijumaa, 18 Julai

Mama kapata nafuu, yuko nyumbani. Kaka kasimamishwa kazi.

Wifi ndiye aliyenieleza, tukikunja mashuka, yeye ncha ile na mimi ncha hii. Tangu Alhamisi ya wiki ile Bwana Asilimia alikuwa amemwamuru Kaka achanganye, makaa ya wageni kidogo na ya kawaida mengi, ili rundo lifike mbali. Kaka akasema sawa bosi, kisha akaendelea kuwaambia wenzake wapakie yale mazuri matupu, siku baada ya siku, mpaka yakaisha. Na kuhusu saini, alikwishaambiwa asubuhi kabla hatujafika kwamba akitia, asirudi.

"Alikwambia lini haya?" nikamuuliza.

"Siku ileile alipoanza. Kasema wifi yako ana akili, acha tu amalize."

Nilikaa chini, juu ya rundo la mashuka masafi, na Wifi hakunifokea. Neno lile nililomwambia Kaka barazani nimelirudia kichwani kutwa nzima. Jioni nimemwendea.

"Kaka, nisamehe."

"Nipishe nikamue hili shuka," akasema. "Wifi yako kaniajiri."


Alhamisi, 24 Julai

Ripoti nimeituma. Mkuu wa kitengo kapiga simu.

"Kazi nzuri. Sasa, una vipimo vitatu: viwili vizuri, kimoja kibaya. Chukua wastani, mtambo unapita chupuchupu, tufunge."

"Wastani wa nini, mzee? Siku mbili za uongo na moja ya ukweli?"

"Usiwe na hasira. Hesabu ni hesabu."

"Nikikupa glasi mbili za maji safi na ya tatu nikaitia sumu, utakunywa wastani?"

Nikamwambia wastani huo auandike yeye kwa mkono wake na atie saini yake, yangu haipati. Na hesabu za mwezi nimeziambatisha, ile ishirini na tisa, ilikotoka aieleze yeye mbele ya bodi inayotoa vibali. Safari hii sikukata simu mimi, alikata yeye.


Alhamisi, 31 Julai

Bodi imekaa. Haikutoa kibali, haikunyima kibali. Imeamua vipimo viendelee mpaka kiangazi kiishe, mpimaji ni mimi, na notisi ya siku tatu itolewe kama kanuni inavyotaka.

Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kuna nini. Hata kuamua hawawezi. Wanaume na wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na chupa yake ya maji, hakuna aliyethubutu kusema kichujio kitengenezwe.


Jumatatu, 4 Agosti

Malori yamekuja, nimeyahesabu mpaka nikachoka. Hawajanunua hata kipuri kimoja cha kichujio, wamenunua makaa ya wageni. Rundo jipya ni kubwa mara nne ya lile la zamani, na turubai jipya, la bluu. Bwana Asilimia kanipungia mkono kutoka mbali. Safari hii, anadhani, hata nikivuta wiki mbili hatoishiwa.

Na siku za kawaida moshi ni uleule wa kahawia. Mama yuko chumbani. Shuka limerudi dirishani.

Sijawahi kumchukia mtu hivi. Nilirudi nyumbani, nikatupa kofia ya kazi ukutani ikapasuka.


Jumatano, 6 Agosti

Nimekaa na Mama, namshikia kikombe. Nikamwambia nimeshindwa, wana makaa ya kunidanganya nayo mpaka mvua zije.

Akanitazama kwa lile jicho lake la zamani.

"Wiki ile... uliyokuwa unasema kesho, kesho... nilipumua."

"Ndiyo, Mama."

"Na hukupanda."

"Sikupanda."

"Basi mwanangu, nani kakwambia... ni lazima upande?"


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeisoma kanuni upya, neno kwa neno, kisha nikampa Taratibu naye aisome kwa mwendo wake. Inasema lazima nitoe notisi kabla ya kupima. Haisemi popote kwamba nikitoa notisi lazima nipime. Wala haisemi nisitoe nyingine.

Notisi imepokelewa saa nne: nitapima siku yoyote kati ya Jumatatu na Jumapili.


Jumatatu, 11 Agosti

Turubai limefunuliwa. Mama kala uji, bakuli zima. Nimepeleka notisi ya wiki ijayo.


Jumatatu, 18 Agosti

Turubai liko wazi. Notisi ya wiki ijayo.


Ijumaa, 22 Agosti

Kaka bado hana kazi. Anaamka alfajiri kwa mazoea, anavaa, anakumbuka, anavua, anakwenda kwenye beseni. Hili sitawasamehe, hata wakija na kichujio cha dhahabu. Nimeandika kwa bodi kwamba aliyesimamishwa ni mtu pekee aliyesaini kwa haki. Hawajajibu.


Jumatatu, 25 Agosti

Notisi. Mlinzi wa getini ananipokea kwa tabasamu, mama yake anakaa mtaa wetu.


Jumamosi, 30 Agosti

Bwana Asilimia kaja nyumbani, mwenyewe, bila tai. Ilibidi ainame chini ya mashuka meupe ili atufikie. Kaka alikuwa anakamua, hakuinuka. Mama alikuwa kwenye kigoda chake.

"Injinia," akasema, "haya makaa yanatumaliza. Bei yake ni mara tatu. Hakuna mtambo duniani unaochoma haya kila siku."

"Ajabu," nikamwambia. "Vipimo viwili vya kwanza vinaonyesha nyinyi mnachoma hayohayo. Au nivifute?"

Alipangusa shingo. Nikaona anapiga hesabu, mambo ya asilimia ndiyo kazi yake. "Kutengeneza kichujio chote," akasema polepole, "ni nafuu kuliko makaa haya ya miezi miwili."

"Mimi sijui bei. Mimi ni mpimaji."

"Kwani unataka nini hasa?"

Maneno yalikuwa mengi, yote ya kutukana. Nilimtazama Kaka, mikono yake imechakaa kwa sabuni. Nikatoa bahasha mfukoni.

"Notisi ya wiki ya tarehe 8 hii hapa. Nikuletee Jumatatu au unaichukua sasa?"

Akaipokea. Akageuka aondoke, shuka bichi likamfuta usoni, na hapo Mama akamwita, kwa sauti ile ya zamani ya kufika mtaa wa tatu.

"Baba, ngoja! We mtoto, mwandikie na ya wiki inayofuata, asihangaike kurudi."

Nikaingia ndani kuiandika.